Mama, una dakika mbili?

Swali la msomaji:

Shikamoo mshauri. Nina umri wa miaka 37, nina mume na watoto wawili, na kwa miaka sita sasa nina biashara ya uchapaji: kadi za mwaliko, mabango, vipeperushi, fulana. Nimeajiri watu watano. Biashara inakwenda, mwenye biashara ndiye hajiwezi. Naamka saa kumi alfajiri nijibu meseji za wateja kabla nyumba haijaamka, natoka kazini saa moja au saa mbili usiku, na mara nyingi narudi kwenye kompyuta watoto wakishalala. Nikijumlisha nafika saa 75 kwa wiki. Nimejaribu kupanga ratiba, nimejaribu kutofungua Jumapili, lakini simu haijui kwamba ni Jumapili. Mwezi uliopita nilichapa kadi 500 za harusi saa tano usiku zikiwa na tarehe isiyo sahihi, nikazirudia zote kwa gharama yangu. Hata hivyo si hilo lililonifanya nikuandikie. Binti yangu wa miaka minane, siku hizi akitaka kuniambia jambo, anaanza kwa kuniuliza: "Mama, una dakika mbili?" Ndivyo wafanyakazi wangu wanavyoniuliza. Juzi nilimwambia asubiri kidogo, nikasahau, na nilipokumbuka alikuwa ameshalala. Je, mtu mwenye biashara yake anaweza kweli kuwa na maisha mengine, au nikubali tu kwamba hii ndiyo gharama yake?

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Kabla ya ushauri wowote, leo jioni mtafute binti yako umuulize lile jambo la juzi lilikuwa nini. Huenda amelisahau. Muulize hivyo hivyo. Mtoto wa miaka minane anayemwomba mama yake nafasi hajanuna wala hajakosa adabu. Amewatazama watu wanaokufikia, akaona wanapitia wapi, akapita hapo hapo. Ameisoma biashara yako vizuri kuliko washauri wengi, na jibu langu lote nalijenga juu ya alichokiona: kazini kwako kila jambo linapanga foleni mbele yako, na sasa nyumba nayo imeingia kwenye foleni hiyo hiyo.

Swali lako la mwisho nalijibu moja kwa moja. Inawezekana, na hiyo si gharama unayopaswa kuilipa. Ila haitawezekana kwa njia ulizozijaribu. Ratiba, kuamka alfajiri, kufunga Jumapili, vyote hivyo vinaugawa upya muda wako bila kugusa kinachoula. Umejenga biashara yenye mlango mmoja, na mlango huo ni wewe. Biashara ya namna hiyo haifungwi jioni hata ukizima mashine na kuweka kufuli, kwa sababu mlango wenyewe unatembea nawe hadi nyumbani, unakaa nawe mezani, unalala nawe kitandani.

Nalijua hilo kwa kuliishi kabla sijalifundisha. Niliendesha biashara ya kusafirisha mizigo kwa miaka tisa. Mwanangu wa kwanza alipojifunza kuendesha baiskeli, nilioneshwa video yake usiku, nikiwa nimesimama jikoni na simu ya dereva sikioni. Niliitazama hadi nusu. Miaka mingi imepita na bado sijui kama ile siku alianguka au hakuanguka. Kwa hiyo ninayokwambia hapa nayamaanisha.

Anza na daftari. Kwa siku tatu za kazi, andika kila swali unaloletewa: kwa mdomo, kwa simu, kwa meseji. Usibadilishe chochote, jibu kama kawaida, ila andika swali, nani ameuliza, na saa ngapi. Usiandike majibu. Siku ya nne kaa peke yako na kalamu tatu za rangi tofauti. Rangi ya kwanza weka kwenye maswali ambayo jibu lake huwa ni lile lile kila mara. Rangi ya pili weka kwenye maswali ambayo mtu mwingine angeweza kuyaamua kama angejua mpaka wake, hasa mpaka wa fedha. Rangi ya tatu iachie yale ambayo kwa kweli yanakuhitaji wewe.

Nimelifanya zoezi hili na wenye biashara wengi, na huwa nakaa nao kwa nusu siku nikitazama. Namkumbuka mmoja mwenye karakana ya samani. Tulikaa kwenye ofisi yake ndogo yenye dirisha linalotazama mashine za kuranda. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana nilihesabu maswali 41. Fundi mmoja alikuja mara tatu kuuliza juu ya kabati lile lile: bawaba zipi, mpini upi, vanishi ya kung'aa au isiyong'aa. Kila mara yule bwana aliacha alichokuwa anafanya, akasimama, akaenda kutazama, akarudi akiuliza, "Tulikuwa tumefika wapi?" Tulipotia rangi, maswali yaliyokuwa yake kweli yalikuwa sita. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: "Basi hawa watu hawanisumbui. Mimi ndiye niliyewafundisha kuja."

Hilo ndilo naomba ulipokee bila kujilaumu. Miaka sita iliyopita, ulipokuwa wewe na mashine moja, ilikuwa sahihi kila kitu kipite kwako. Bila hivyo biashara ingekufa. Kilichotokea ni kwamba biashara imekua na mpangilio wake umebaki ule wa siku ya kwanza.

Maswali ya rangi ya kwanza yageuze kuwa kanuni zilizoandikwa, fupi, zikae ukutani karibu na mashine. Nikupe mfano wa kazini kwako, kwa sababu kanuni isiyo mahususi haimsaidii mtu. "Karatasi ya gramu 300 ikiisha, kadi za mwaliko zinaweza kuchapwa kwenye ya gramu 250, lakini mteja ajulishwe na akubali kwa maandishi kabla ya kuchapa. Akikataa, apewe tarehe ya kusubiri." Sentensi mbili tu. Swali hilo halitakufikia tena. Nyingine ninayokushauri uiandike wiki hii hii, kwa heshima ya zile kadi 500: hakuna kazi inayoingia kwenye mashine kabla ya mtu wa pili, ambaye hakuipanga, kusoma kwa sauti majina, tarehe, saa na mahali, na mteja kuidhinisha sampuli. Jicho lililoandika kosa huwa halilioni kosa hilo.

Maswali ya rangi ya pili ndiyo yenye kazi ngumu, kwa sababu yanahusu kuachia mamlaka. Chagua mmoja kati ya watano wako awe msimamizi, na umwambie mipaka yake mbele ya wenzake. Anaweza kutoa punguzo hadi asilimia 10 bila kukuuliza. Anaweza kununua vifaa hadi kiasi fulani. Anaweza kukubali au kukataa oda ya ukubwa wa kawaida. Juu ya hapo ndipo akufikie, na akufikie mara mbili kwa siku, saa mnazokubaliana, akiwa na maswali yote kwa pamoja. Mwongezee na mshahara, hata kama ni kidogo. Mzigo usio na malipo mtu huurudisha kwa mwenyewe.

Halafu atakosea. Siku hiyo ndiyo itakayoamua kama utapata jioni zako au hutazipata. Mwenye biashara mwingine niliyefanya naye kazi alifika hadi hatua hii vizuri kabisa, mpaka msimamizi wake alipompa mteja punguzo lisilostahili. Akamgombeza mbele ya watu wote. Hasara yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini kuanzia kesho yake kila swali lilirudi kwake, hadi la gundi, na miezi minne ya kazi ikawa imepotea kwa dakika tano za hasira. Msimamizi wako akikosea ndani ya mipaka uliyompa, kosa lihesabu kuwa ni la biashara. Mwite pembeni, muulize aliona nini, rekebisheni kanuni pamoja, na kesho aamue tena.

Sasa tuzitazame zile saa 75, maana umezitaja kama mtu anavyotaja urefu wake, jambo lisilobadilika. Mwaka 2014 mwanauchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua upya kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha nchini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi wao wanawake. Hadi karibu saa 49 kwa wiki, kazi iliyotoka ilipanda sawasawa na saa zilizofanywa. Baada ya hapo kila saa iliyoongezwa ilileta kidogo kuliko iliyotangulia, na wiki ya saa 70 ilitoa karibu kiasi kile kile kilichotoka katika wiki ya saa 56. Hebu lifikirie hilo. Saa 14 za uhai wa mtu, kila wiki, karibu bure. Na wale walikuwa wanafanya kazi ya mikono kiwandani. Wewe unapanga herufi, unakokotoa bei, unamsikiliza mteja aliyekasirika. Kwa maoni yangu, akili iliyochoka hupoteza thamani mapema kuliko mikono.

Zile kadi nazo zina maelezo yake. Uliamka saa kumi alfajiri, ukachapa saa tano usiku: saa 19 ukiwa macho. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid waliwapima watu waliokaa macho kwa saa 17 mfululizo, wakakuta utendaji wao umeshuka hadi kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Katika nchi nyingi hicho ndicho kiwango ambacho ukikizidi huruhusiwi kuendesha gari. Kwako wewe, saa ya 17 ilitimia saa tatu usiku. Hukukosea kwa uzembe, dada. Ulikuwa kazini katika hali ambayo usingemruhusu mfanyakazi wako yeyote aguse mashine akiwa nayo. Kwa hiyo weka sheria hii na usiipindishe: baada ya saa tatu usiku hakuna kuchapa, hakuna kupanga bei, hakuna kumjibu mteja mwenye hasira. Hata kama wiki hiyo umelemewa.

Kuna la afya pia, nalo silisemi kukutisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa yake kuziba, ukilinganisha na wiki ya saa 35 hadi 40. Wewe uko saa 20 juu ya mstari huo. Mwajiriwa ana sheria ya kumrudisha nyumbani. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulihusu hilo hilo, saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Mwenye biashara hana mkaguzi atakayekuja kumwambia afunge. Itabidi ujitungie sheria mwenyewe, uiandike, na umpe mtu mwingine mamlaka ya kukukumbusha. Mumeo anafaa, kama mtakubaliana kwamba akikumbusha hutamjibu kwa ukali.

Nadhani najua unachokisema moyoni: "Yote hayo ni sawa, lakini nikikataa oda, nani atalipa kodi ya jengo?" Hapo ndipo penye mzizi. Wengi wanaodhani wana tatizo la muda wana hofu ya fedha ambayo haijawahi kuwekewa hesabu. Nikuulize: biashara yako inakulipa mshahara gani kwa mwezi? Kama jibu ni "nachukua inapopatikana", basi nimeshajua kwa nini huwezi kukataa kazi ya saa tano usiku. Kwa mtu asiye na mshahara, kila oda inaonekana kama ndiyo ada ya shule ya mtoto. Hata ndogo, hata ya mteja msumbufu, hata ile ambayo ukipiga hesabu vizuri ya wino, karatasi na muda inakula fedha badala ya kuleta.

Jipangie mshahara maalumu, tarehe maalumu, uingie akaunti tofauti na ya biashara. Kisha jumlisha kila kitu ambacho mwezi lazima ulipe: kodi ya jengo, mishahara ukiwemo wako, umeme, marejesho ya mkopo kama upo, matengenezo ya mashine. Hesabu hiyo ifikie kwa faida inayobaki baada ya kuondoa karatasi na wino, maana mauzo matupu hudanganya. Kiasi hicho ndicho kizingiti chako. Kibandike mahali unapokiona, na kila jioni andika mmefikia wapi. Nimeona jambo la kushangaza kwa watu wengi waliofanya hivi: karibu tarehe 20 hivi wanagundua kwamba mwezi umeshalipika, na kwa mara ya kwanza wanaweza kumwambia mtu "nafasi itapatikana Jumatatu" bila tumbo kukaza. Na mwezi ambao haujalipika, angalau unajua umepungukiwa kiasi gani, na kiasi kinachojulikana hakikeshi na mtu usiku kama hofu isiyo na namba.

Kwenye hesabu hiyo hiyo, chukua miezi mitatu iliyopita utenganishe wateja wanaokuandikia baada ya saa za kazi. Waandike kwa majina, na mbele ya kila jina weka faida iliyobaki. Sitaki kukutabiria, lakini nitashangaa sana kama wanaokufanya ukeshe ndio wanaokulipa vizuri zaidi.

Kazi za haraka zinahitaji neno lake. Katika biashara kama yako hizo ndizo zinazokula jioni, na zinazikula kwa sababu hazina bei. Mteja anayesema "naomba kesho asubuhi" analipa sawa na aliyekupa wiki mbili, kwa nini basi awahi? Weka bei ya haraka, nusu ya bei juu ya ile ya kawaida, ilipwe yote kabla ya kuanza, na idadi yake iwe na kikomo: mbili kwa wiki, nafasi zikijaa zimejaa. Mueleze mteja kwa upole na bila kuomba radhi. Wengi watagundua kwamba kesho asubuhi haikuwa lazima. Wachache watalipa, na fedha hiyo utamlipa mfanyakazi wa zamu ya jioni, si lazima ubaki wewe. Wachache zaidi wataondoka. Waache waende.

Tuseme sasa umeyafanya hayo yote na umetoka kazini saa kumi na mbili jioni. Bado kuna kichwa. Mwili unaweza kuwa nyumbani saa nne nzima na akili haijatoka kwenye mashine, na mtoto anajua tofauti hiyo hata asipoweza kuisema. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alionesha katika utafiti alioutoa mwaka 1927 kwamba washiriki wake walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza. Jambo lisilokwisha hugonga. Na kwenye biashara hakuna siku ambayo yote yamekwisha, kwa hiyo ukingoja umalize ndipo upumzike, hutapumzika. Habari njema ilitoka kwa watafiti E. J. Masicampo na Roy Baumeister mwaka 2011: mtu akiandika mpango mahususi wa lini na vipi atalikamilisha jambo, akili huacha kuligonga ingawa jambo lenyewe halijaguswa.

Fanya hivi. Robo saa ya mwisho ya kazi ifunge kwa ajili ya hilo. Kaa na daftari, andika kila kilichobaki njiani, na mbele ya kila kimoja hatua inayofuata na saa yake. Usiandike "mabango ya shule". Andika "mabango ya shule: saa tatu kesho, msimamizi ampigie mwalimu athibitishe rangi." Ukimaliza, funga daftari, liache mezani, liache kweli, usilibebe. Mimi nilikuwa nasema kwa sauti "leo imefungwa" nikiwa peke yangu ofisini. Sijui kama utahitaji kusema chochote, lakini mwili unapenda ishara. Wengine hubadilisha viatu. Wengine husimama dakika tano nje ya geti la nyumbani kabla ya kuingia.

Simu igawe. Laini ya biashara iwe kwenye simu nyingine, na simu hiyo ilale kazini, kwa msimamizi mwenye zamu au ndani ya droo. Weka ujumbe unaojibu wenyewe: saa zenu za kazi, na kwamba ujumbe utajibiwa kesho kuanzia saa mbili asubuhi. Kutofungua Jumapili kulishindikana kwa sababu ulifunga duka ukaacha simu wazi, na kwa mteja wako duka ni simu. Mwanasaikolojia Sabine Sonnentag, aliyetumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyopona na uchovu wa kazi, ameonesha kwamba waliolemewa zaidi ndio wanaoshindwa zaidi kujitenga na kazi baada ya kutoka. Kwa hiyo usitegemee nia njema ya jioni, ukiwa umechoka. Tegemea simu ambayo haipo chumbani.

Kuhusu nyumba, sikubaliani na wanaokwambia ugawe siku nusu kwa nusu. Biashara ina misimu. Kutakuwa na wiki ambazo kila mtu anaoa au uchaguzi unakaribia, na utafanya kazi hadi usiku. Ninachokuomba ni kimoja: msimu uwe na tarehe ya mwisho, na familia iijue tarehe hiyo kabla haujaanza. Keti na mumeo na watoto, uwaambie, "Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 26 nitachelewa, tarehe 27 sifungui." Na tarehe 27 usifungue. Familia inaweza kubeba mengi ikijua yanaisha lini. Hali isiyo na tarehe ya mwisho inaacha kuwa msimu. Imeshakuwa maisha yenu, na ndiyo unayoiishi sasa.

Hujamtaja mumeo zaidi ya kusema yupo, nami sitabuni lililo kati yenu. Nitasema tu kwamba wenye biashara wengi hubeba hesabu za biashara peke yao wakidhani wanawalinda wenzao, na wenzao huona mtu aliyejifungia. Nusu saa kwa wiki, mwoneshe kizingiti na mahali mlipofika. Huhitaji awe na majibu.

Na watoto: usiwafidie. Siku moja kubwa ya matembezi kila baada ya miezi miwili haijibu swali la dakika mbili. Kinacholijibu ni nusu saa ya kila siku, saa ile ile, simu ikiwa chumba kingine, ambayo mtoto haiombi kwa sababu anajua ni yake. Wiki za kwanza atakaa nawe asiseme kitu. Usiijaze kimya hiyo kwa maswali ya shule. Kaa tu, mkunje nguo pamoja, achore, wewe mtazame. Atasema siku atakayoamini kwamba hunyanyuki.

Jambo moja kabla sijafika kwenye hatua ya mwisho. Shirika la Afya Duniani limeueleza uchovu wa kupindukia wa kazi, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya lililoanza kutumika mwaka 2022, kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kuichukia kazi au kuwa mbali nayo, na kuona huwezi tena ulichokuwa ukikiweza. Umenionesha ya kwanza. Kama na hizo mbili zipo, au hulali hata ukipata nafasi, au kifua kinabana, usisubiri daftari wala kanuni. Nenda kwa daktari wiki hii, umweleze na saa unazofanya kazi.

Usiyafanye yote kwa pamoja. Jumatatu anza na daftari la maswali, na sheria ya saa tatu usiku ianze leo. Wiki ya pili, kanuni za ukutani. Ya tatu, msimamizi na mipaka yake. Ya nne, mshahara wako, kizingiti na bei ya haraka. Ya tano, simu ya pili. Wiki ya sita chagua siku moja ya katikati ya wiki, Jumatano kwa mfano, usiende kazini kabisa na usipatikane. Waambie wafanyakazi siku tatu kabla. Kuna kitu kitakwama siku hiyo, karibu nina hakika, na Alhamisi asubuhi utakikuta mezani. Kiandikie kanuni, kisha upange Jumatano nyingine mwezi unaofuata.

Baada ya hapo niandikie tena. Nitataka kujua namba mbili: maswali mangapi yalikufikia siku ya kwanza ya daftari, na mangapi yanakufikia sasa. Na kama binti yako atakuruhusu, niambie lile jambo la juzi lilikuwa nini.